Shoga Kaniambia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupeana Habari za Uzazi wa Mpango

Maswali haya ni yale ambayo wanawake huulizana wenyewe, dada kwa dada na shoga kwa shoga, mara nyingi kwa sauti ya chini. Ukiona jibu linakupeleka kwenye swali jingine, lifuate. Hatukutaka kusema jambo moja mara tatu.

## Kuulizana wenyewe kwa wenyewe

Kwa nini wengi wetu tunaanza kwa shoga au dada kabla ya kwenda kwa nesi?

Kwa sababu nesi atakwambia sindano hudumu miezi mitatu. Shoga ndiye atakayekwambia kwamba alipochomwa mara ya kwanza alikaa wiki tatu anaona matone, akawa hatoki bila pedi kwenye mkoba, kisha hali ikatulia. Wote wawili wamesema kweli, ila aliyekupa picha ya maisha yenyewe ni shoga. Tena kwake unaweza kuuliza swali la kipuuzi. Akicheka, mtacheka wote.

Wala si mambo ya leo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1873 iliyojulikana kama sheria ya Comstock ilipiga marufuku kutuma kwa posta hata maandishi yanayoeleza namna ya kuzuia mimba, na wanawake wakaendelea kunong'onezana. Korea Kusini ilifanya kinyume: kuanzia 1968 vilianzishwa vilabu vya akina mama vijijini ili mazungumzo hayo yapate mahali pa kukaa. Watafiti walipofuatilia, walikuta kijiji kimoja kimeegemea vidonge na kingine kimeegemea kitanzi, yaani kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi. Miili ya wanawake wa vijiji hivyo haikuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa nani alitangulia kutumia nini, na alimwambia nani. Nyanza nchini Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti walikuta vivyo hivyo: uamuzi ulikuwa unaiva kwenye mazungumzo ya wanawake wanaofahamiana.

Habari za shoga ni za kuaminiwa kiasi gani?

Inategemea umemuuliza nini. Kuhusu namna njia fulani inavyoishi mwilini siku hadi siku, na kuhusu mahali alipopokelewa kwa heshima au kwa makaripio, muamini kuliko mtu yeyote. Kuhusu kama njia hiyo itakufaa wewe, au ni nini hasa kilichosababisha alichokiona, hapo punguza imani.

Chukua mfano. "Nilianza vidonge, baada ya miezi miwili nywele zikaanza kukatika." Yote mawili yalitokea, hakuna anayebisha. Lakini ukiuliza zaidi unakuta alikuwa amejifungua miezi minne kabla, na nywele hupukutika sana baada ya kujifungua hata kwa mwanamke asiyetumia chochote. Hakudanganya. Aliunganisha matukio mawili yaliyofuatana, kama ambavyo sote hufanya.

Mbona ninayoyasikia karibu yote ni mabaya?

Kwa sababu aliyekaa na kipandikizi, kile kijiti cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, miaka mitatu bila shida hana hadithi. Atasimulia nini? Kwamba aliamka, akaenda kazini, akarudi? Aliyetokwa na damu siku ishirini ndiye mwenye la kusema, na lake husimuliwa na watu ambao hata hawamjui. Mwisho unasikia visa vitano vya wanawake watano, kumbe ni mwanamke mmoja aliyepita kwenye midomo mitano.

Dawa yake ni kuuliza kwa makusudi wale walionyamaza. Muulize yule wifi ambaye watoto wake wamepishana miaka minne na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Nimuulize nini aliyewahi kutumia, ili nipate kitu cha maana?

Usiishie kwenye "ilikuwaje?" Hebu tazama mazungumzo haya:

"Shoga, kitanzi chako kilikusumbua?"
"Wee! Nilitaka kukitoa."
"Kilikuwa cha shaba au cha homoni?"
"Sijui bwana. Kile cha miaka kumi."
"Basi cha shaba. Kilikusumbua muda gani?"
"Miezi mitatu ya mwanzo, hedhi ilikuwa nzito, na tumbo linakata. Sasa hivi hata nakisahau."

Kama angeishia kwenye jibu la kwanza, angeondoka na "kitanzi ni kibaya." Alipouliza maswali mawili zaidi akapata habari inayolingana kabisa na inavyojulikana: kitanzi cha shaba huweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha wengi hutulia. Kwa hiyo uliza jina kamili la njia, ameitumia muda gani, tatizo lilianza lini na likaisha lini, alikuwa anatumia dawa gani nyingine, na kama alikuwa ametoka kujifungua. Kama aliacha, uliza aliacha kwa sababu ya mwili au kwa sababu ya maneno ya watu. Hilo la mwisho hutoa majibu ya ajabu.

Njia ipi ndiyo inayozuia kweli?

Wanawake 100 wakikaa mwaka mzima bila kutumia chochote, takriban 85 hushika mimba. Kwa matumizi ya kawaida ya binadamu, pamoja na kusahau na kuchelewa kwake, kipandikizi na kitanzi huacha mimba chini ya 1 kati ya wanawake 100 kwa mwaka, na kufunga kizazi ni hivyohivyo. Sindano ni karibu 4, vidonge karibu 7, kondomu ya kiume karibu 13, kumwaga nje karibu 20.

Angalia vidonge. Anayemeza kila siku bila kukosa, hatari yake ni chini ya 1. Hiyo 7 inatokana na maisha: safari, ugonjwa, usiku uliopitiliza. Kwa hiyo shoga anaposema "mimi vidonge vilinipa mimba," swali la upole ni "ulikuwa unavikumbuka?" Na kondomu, pamoja na 13 yake, ndiyo peke yake katika orodha hii inayokukinga pia na magonjwa ya zinaa na VVU. Ndiyo maana wapo wanaotumia kondomu pamoja na njia nyingine. Kuvaa kondomu mbili kwa pamoja si ulinzi maradufu, kwani zinasuguana na kupasuka. Na mafuta ya kujipaka hulainisha mpira mpaka uchanike.

## Yanayosemwa

Nikitumia kabla ya kuzaa, nitakuwa mgumba?

Hapana. Ukiacha vidonge, ukitoa kipandikizi au kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Wapo wanaoshika ndani ya mwezi.

Ila kuna chembe ya ukweli iliyoizaa hofu hii, na anayeikataa moja kwa moja hatendi haki. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha. Kwa wastani mwanamke hushika mimba karibu miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na wengine huchukua zaidi. Kuchelewa huko huisha, lakini mtu ambaye hakuambiwa, amekaa mwezi wa sita anahesabu siku huku mawifi wanamwangalia tumbo, lazima aamini kizazi kimeharibika. Ukimshauri mwenzako sindano, mwambie hili siku hiyohiyo, hasa kama anataka mtoto mwakani.

Hedhi yangu imekata. Damu inakwenda wapi?

Haiendi popote, kwa sababu haijatengenezwa. Kila mwezi kizazi hujijengea utando wa kupokea mimba. Mimba isipotunga, utando ule hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Homoni ya sindano, ya kipandikizi au ya kitanzi cha homoni huufanya utando ubaki mwembamba. Hakuna kilichojengwa, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Damu haijikusanyi tumboni wala haipandi kichwani. Kama unatumia vidonge au kitanzi cha shaba na hedhi imekata ghafla, hapo pima mimba.

Kitanzi kinaweza kupanda hadi moyoni?

Hakuna njia inayotoka kizazini kwenda moyoni. Kinachoweza kutokea ni kutoboa ukuta wa kizazi wakati wa kuwekwa, jambo la nadra sana, au kuteremka na kutoka chenyewe, zaidi katika miezi ya kwanza. Ndiyo maana kina nyuzi mbili nyembamba zinazoning'inia kwenye shingo ya kizazi. Unaweza kuzigusa kwa kidole kisafi. Usipozipata, au ukigusa kitu kigumu, rudi kwa aliyekuwekea na utumie kondomu hadi uangaliwe.

Mume akisema nyuzi zinamchoma, hazuki. Mwambie nesi, atazipunguza.

Je, nitanenepa?

Kwa kitanzi cha shaba, hapana. Hakina homoni yoyote. Kwa sindano ya miezi mitatu, ndiyo, wapo wanaoongezeka, wastani ukiwa kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Kwa vidonge na kipandikizi, wengine huongezeka kidogo, wengine hupungua, wengi hubaki walivyo.

Vidonge vinaleta saratani?

Jibu la kweli lina pande mbili. Vidonge vyenye homoni mbili (estrojeni na projestini) hupunguza hatari ya saratani ya mayai ya uzazi na ya utando wa kizazi, na kinga hiyo hubaki miaka mingi baada ya kuviacha. Kwa upande wa pili, hatari ya saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi huongezeka kidogo wakati wa kuvitumia, kisha hushuka baada ya kuacha. Mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuipata, hapewi njia za homoni. Mwambie mwenzako pande zote mbili. Anayepewa upande mmoja tu, siku akiusikia wa pili atakuona mwongo hata kwa yale uliyosema sahihi.

Bibi anasema vidonge viliwatesa wanawake wa enzi zake. Anatunga?

Inawezekana kabisa hatungi. Kidonge cha kwanza kuruhusiwa kuzuia mimba, Marekani mwaka 1960, kilibeba estrojeni mikrogramu 150. Vidonge vingi vya leo vina kati ya 20 na 35. Kichefuchefu, maumivu ya kichwa na damu kuganda kwenye mishipa vilikuwa vikubwa zaidi wakati ule. Vivyo hivyo kwa kitanzi: miaka ya mwanzo ya 1970 kulikuwa na kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield, ambacho uzi wake ulisukwa kwa nyuzi nyingi ndogo, na bakteria wakapata njia ya kupanda hadi kizazini. Wanawake waliugua, wengine walipoteza uzazi, wengine maisha. Kiliacha kuuzwa Marekani mwaka 1974.

Kwa hiyo usimkatize bibi kwa kumwambia hajui. Anajua. Anachokijua ni dawa ya miaka ile, na mjukuu anatumia nyingine yenye jina lilelile. Mimi nimeona mazungumzo yakiharibika hapa mara nyingi kuliko popote, kwa sababu kijana anakimbilia kusahihisha kabla ya kusikiliza.

Mama alisema ukinyonyesha hushiki mimba. Ni kweli?

Ni kweli kwa masharti matatu, na lazima yawepo yote: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu au karibu tu, usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Yakitimia, wanaoshika mimba ni kama 2 kati ya 100 katika miezi hiyo sita. Likikosekana moja, kinga imekwisha. Mama hakukosea, ila hakutaja masharti, na pengine kwake yalitimia bila yeye kujua.

Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba mapema sana, hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza. Wiki ya nne si mapema mno. Baada ya mimba kuharibika, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili.

Kujiosha kwa soda, kukojoa au kurukaruka baada ya tendo, je?

Hakuna hata kimoja kinachozuia. Mbegu huingia kwenye shingo ya kizazi ndani ya dakika chache, kabla hujafika bafuni. Kujiosha ndani kunakausha na kukuletea maambukizi, basi.

Siku salama ninazoambiwa na dada ni zipi?

Za dada ni za dada. Mbegu huishi mwilini hadi siku 5, yai huishi saa 12 hadi 24, na siku ya yai kutoka hubadilika hata kwa mwanamke yuleyule. Kalenda inataka hedhi yenye mpangilio, kumbukumbu za miezi kadhaa, na mwanaume anayekubali kusubiri. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuamini kwamba siku ya 14 ndiyo pekee ya hatari.

## Kupeana vitu, si maneno

Dada yangu ana vidonge vilivyobaki. Naweza kuvitumia?

Najua inavyokuwa: nusu ya karatasi ya vidonge, imekatwa kwa mkasi, imefungwa kwenye leso. Nia ni njema kabisa. Igeuze uangalie nyuma. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilichapwa kwenye ukingo, na ukingo huo umebaki kwa dada. Jina la dawa limekatika katikati. Kama ni karatasi ya vidonge 28, safu moja yenye rangi tofauti mara nyingi haina homoni kabisa. Ni ya kukusaidia usipoteze mazoea ya kumeza. Ukipewa nusu hiyo, unameza hewa.

Hata kama ni karatasi nzima, kuna wanawake ambao vidonge vya homoni mbili haviwafai: mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachoanza na mwanga machoni, anayevuta sigara akiwa na miaka 35 au zaidi, na anayenyonyesha mtoto mchanga. Dada hana hata kimoja, wewe huenda una viwili. Kupima presha ni dakika tano. Nenda upimwe kwanza, kisha upewe karatasi yako.

Je, kile kilichomfaa yeye kitanifaa mimi, maana tumezaliwa tumbo moja?

Si lazima. Tazama jibu lililotangulia.

Shoga amenipigia saa nne usiku, kondomu imepasuka. Nimwambie nini?

Mwambie ana muda, lakini asiupoteze. Vidonge vya dharura vyenye levonogestreli hufanya kazi vizuri zaidi kadiri vinavyomezwa mapema. Nguvu yake hupungua baada ya saa 72, ingawa huweza kusaidia hadi siku ya 5. Vipo vingine vyenye ulipristali, ambavyo vinashikilia vizuri zaidi hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na kinabaki kuwa njia yake kwa miaka mingi. Akitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza levonogestreli, arudie dozi.

Akiuliza kama ni kutoa mimba, jibu ni hapana. Vidonge hivi huchelewesha yai lisitoke. Kama mimba imeshatunga, haviiondoi wala haviidhuru. Hedhi isipokuja ndani ya wiki moja baada ya siku aliyoitarajia, apime. Na kama simu hizi zinakuja kila mwezi, si suala la kumgombeza. Mpeleke kwenye swali la njia inayozuia kweli.

Amesahau vidonge vya kila siku. Ni vingapi ndiyo tatizo?

Kwa vidonge vya homoni mbili, akikosa kimoja au viwili, ameze kimoja mara tu akumbukapo na aendelee kama kawaida, hata kama atameza viwili siku moja. Akikosa vitatu au zaidi mfululizo, ameze kimoja, aendelee, na atumie kondomu siku 7. Vidonge vya homoni moja ni vikali zaidi kwa muda: vingine vinataka saa ileile kila siku, na ukichelewa zaidi ya saa 3 unahesabiwa umekosa.

Naweza kumchoma shoga sindano? Nimeona anavyojichoma mwenyewe.

Ipo sindano ndogo ya kuchoma chini ya ngozi, iliyotengenezwa ili mwanamke ajichome mwenyewe baada ya kufundishwa. Alichokionyesha shoga ni hicho. Lakini yeye alifundishwa na mtoa huduma, akachoma mara ya kwanza akitazamwa, na akaulizwa maswali kabla ya kupewa. Wewe umetazama tu. Mshike mkono mwende akafundishwe. Mara ya pili atajichoma mwenyewe, wala hatakuhitaji.

Aliyechelewa sindano ya miezi mitatu asikate tamaa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani anaweza kuchomwa hata akiwa amechelewa hadi wiki 4.

## Siri na watu wa nyumbani

Shoga anatumia bila mume kujua, na amenieleza mimi tu. Nifanye nini?

Unyamaze. Usimwambie hata dada yako "kwa siri." Hujui akijulikana kitamkuta nini, na kama mume ni mkali, yeye ndiye anayejua ukali huo.

Unaloweza kufanya ni kumsaidia kuchagua kwa busara ya siri yake. Karatasi ya vidonge huonekana. Kipandikizi, urefu wa sentimita 4 kwa kile cha kijiti kimoja, hukaa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono. Hakionekani sana lakini anayepapasa anakihisi. Sindano haiachi alama, ila hedhi hubadilika, na wapo wanaume wanaohesabu. Kitanzi hakionekani, na nyuzi zinaweza kukatwa fupi. Haya ni mambo ambayo huwezi kuyasoma kwenye bango la ukutani.

Mama mkwe anapinga. Nimjibu vipi?

Kwa heshima, na si lazima umjibu kwa hoja. Wengi husema "Mama, tumezungumza na mwenzangu, tunampumzisha mtoto huyu kwanza," na hapo hoja ya afya ya mtoto inabeba mzigo ambao neno "mpango" lisingeubeba. Mume akiwa upande wako, aseme yeye. Mama akieleza kisa chake cha zamani, rudi kwenye swali la bibi.

Binti yangu ana miaka 16. Nikimwambia si nitakuwa nimemfundisha?

Tafiti zilizokusanywa na UNESCO kutoka nchi mbalimbali hazikuona kwamba elimu hii huwafanya vijana waanze mapema. Na kama humwambii wewe, ameshaambiwa na mwenzake wa miaka 16.

Kama mdomo unakuwa mzito, mpe shangazi yake au dada yako mkubwa kazi hiyo, lakini kwanza hakikisha mnasema kitu kimoja. Mtoto akisikia "kitanzi" kwa mama na "kitanzi kinaua" kwa shangazi, atamuamini anayetisha.

## Ya pembeni

Shoga anatumia dawa nyingine. Zinaingiliana?

Baadhi, na hili ndilo jambo ambalo shoga hawezi kulijua kwa kusimulia tu. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, hupunguza nguvu ya vidonge na kipandikizi. Efavirenzi, dawa ya VVU, hupunguza nguvu ya kipandikizi. Sindano ya miezi mitatu na vitanzi haviathiriki hivyo. Kila dawa anayomeza aitaje kwa mtoa huduma, hata ile anayoona aibu kuitaja.

Nilimshauri mwenzangu, akaumia. Ni kosa langu?

Kama ulimwambia "mimi ilinifaa," umesimulia, hukuandika dawa. Kama ulimwambia "usiende kupimwa, chukua tu," ndiyo, una sehemu yako. Vyovyote vile, msindikize kituoni leo, usimkimbie kwa aibu. Nilishauri hivyo wakati mmoja, kwa kujiamini kupita kiasi, na kilichomsaidia yule dada hakikuwa radhi zangu. Ni kwamba nilikaa naye kwenye benchi mpaka akaitwa.

Dalili zipi si za kuuliziana, ni za kwenda moja kwa moja?

Kwa anayetumia vidonge vya homoni mbili: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, kichwa kuuma vibaya ghafla, macho kupoteza nuru, au upande mmoja wa mwili kulegea. Kwa mwenye kitanzi: maumivu makali ya tumbo pamoja na homa, au uchafu wenye harufu. Kwa mwenye kipandikizi: mkono kuwa mwekundu, kuvimba au kutoa usaha. Kwa yeyote: hedhi imechelewa, tumbo la chini linauma upande mmoja, na anahisi kuzimia, huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo haisubiri kesho. Hapa hakuna cha "hata mimi ilinitokea, itapita."

Mume wa wifi amefunga uzazi juzi. Wifi anaweza kuacha vidonge?

Bado. Mbegu zilizokuwa njiani huchukua muda kuisha, kwa hiyo waendelee na njia nyingine miezi 3, na pakiwepo kipimo cha shahawa apime ndipo aache.

Sijawahi kutumia chochote. Nina haki ya kumshauri mtu?

Una haki ya kumsindikiza, kumbebea mtoto akiwa chumbani, na kumkumbusha tarehe ya kurudi. Iandike kwenye simu yako pia, maana yake huenda ikashikwa na mume.